Fundi wa tovuti na jina la duka lako: historia fupi



Kila baada ya wiki mbili tatu napata barua pepe ya aina moja. Mwenye duka la vipuri, mwenye saluni au mwenye kampuni ndogo ya safari ananiuliza: "Kutengenezewa tovuti ni pesa ngapi?" Nami humjibu kwa swali: "Jina la tovuti litaandikwa kwa nani?" Wengine hudhani nakwepa kutaja bei. Sikwepi. Nimeandika programu na tovuti kwa muda wa kutosha kujua kwamba bei ndiyo sehemu rahisi. Swali langu lina historia, na leo nataka tuipitie pamoja. Ukiielewa, hutahitaji kuwa mtaalamu wa tarakilishi ili umwajiri fundi wa tovuti vizuri.

MCHORA MABANGO NA SANDUKU LA POSTA

Tuanze kabla ya intaneti. Mfanyabiashara mdogo wa Kenya hakungoja tovuti ndipo ajitangaze. Alikuwa na mchora mabango. Tembea katika mji wowote, kutoka Kisumu hadi Lamu, utaiona kazi yake: kichwa kilichonyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, kuku na chipsi kwenye ukuta wa hoteli, gurudumu kwenye mlango wa fundi wa baiskeli. Mapatano yalikuwa mepesi. Mnakubaliana maneno na picha, unampa pesa za rangi, anapanda ngazi, jioni unammalizia hela zake. Akikosea herufi mnagombana papo hapo. Akishaondoka, ukuta unabaki wako. Hata akihamia Uganda, bango halimfuati.

Tulikuwa pia na sanduku la posta. Barua zetu nyingi hazipelekwi mlangoni, kwa hiyo anwani ya mtu ni namba ya sanduku. Wengi hawakuwa na sanduku lao. Walipokea barua kupitia shule, kanisa, msikiti au kwa mwajiri. Aliyekulia katika hali hiyo anaujua ubaya wake: ukihama shule, au ukikosana na mwajiri, barua zako zinaendelea kufika kule kule na ufunguo huna.

Ishikeni mifano hii miwili. Tulipoanza kuajiri mafundi wa tovuti tulidhani tunaajiri mchora mabango. Kumbe mtu huyo alikuwa pia ndiye mwenye sanduku.

SIKU MBILI ZA APRILI 1993

Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake la kwanza la wavuti mwaka 1989, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni mali ya umma. Yeyote angeweza kutengeneza kurasa bila kumlipa mtu. Siku moja tu kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1993, Kenya ilikuwa imesajiliwa kikoa chake, yaani .ke. Ni sadfa tu, lakini nzuri kwa kukumbuka, kwa sababu inatuonyesha vitu viwili tofauti ambavyo wateja wangu huvichanganya kila siku.

Kitu cha kwanza ni kurasa. Hizi ni faili. Zinaweza kunakiliwa, kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine, hata kuandikwa upya na fundi mwingine. Kitu cha pili ni jina, lile unaloliandika kwenye kivinjari na ambalo hukaa baada ya alama ya @ katika anwani ya barua pepe ya biashara yako. Jina ni mstari mmoja katika daftari. Mstari huo unasema mwenye jina ni nani, muda wake unakwisha lini, na seva ziko wapi. Kurasa zikipotea utatengeneza nyingine. Jina likichukuliwa na mwingine, hakuna la pili kama hilo.

Katika miaka ya mwanzo daftari letu lenyewe lilitunzwa na watu wachache. Msimamizi wa .ke alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, na upande wa ufundi alikuwa Randy Bush aliyekuwa Marekani. Mwishoni mwa 2002 kazi hiyo ilikabidhiwa KENIC, shirika lililoundwa hapa nchini kwa ajili hiyo.

Msidhani ni Wakenya tu waliochelewa kuelewa thamani ya jina. Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, aligundua kwamba mcdonalds.com halina mwenyewe. Akalisajili yeye, kisha akaandika kisa hicho katika jarida la Wired. Kampuni ya McDonald's ililipata baada ya kukubali kuchangia pesa za vifaa vya tarakilishi kwa shule moja ya umma huko Brooklyn. Wakati huo kusajili jina la .com hakukuwa na malipo. Malipo ya dola 50 kwa mwaka yalianza Septemba 1995. Ikiwa kampuni kubwa kama ile iliweza kulala, sembuse mwenye nyumba ya wageni Malindi?

MZIZI WA FITINA: KADI YA BENKI

Intaneti ya kibiashara iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, kupitia kampuni kama Formnet na Africa Online. Ilikuwa ghali na ya polepole. Modemu ililia kwenye waya wa simu, na mawasiliano na nchi za nje yalipita kwenye setilaiti. Mwaka 1998 shirika la simu la serikali lilianzisha JamboNet, na kwa miaka kadhaa njia ya kutoka nje ikawa ni hiyo. Ukimtumia barua pepe mtu wa mtaa wa pili hapo Nairobi, lakini yeye yuko kwa kampuni nyingine ya intaneti, barua hiyo ilivuka bahari kwanza ndipo irudi. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data hapa hapa nchini. Telkom Kenya ikalalamika na msimamizi wa mawasiliano akakifunga baada ya wiki chache. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Hali hiyo ndiyo iliyoamua tovuti za Kenya zikae wapi. Nyingi ziliwekwa kwenye seva za Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko nafasi ilikuwa rahisi na wageni waliolengwa walikuwa huko huko. Mfanyabiashara mdogo wa kwanza kuona faida ya tovuti hakuwa kinyozi. Alikuwa yule ambaye mteja wake yuko ng'ambo: mwenye gari moja la kupeleka watalii Maasai Mara, mwenye vyumba sita karibu na ufuo, muuza vinyago.

Sasa jiulize: mtu huyu angelipaje seva iliyo Marekani? Kwa kadi ya benki inayokubaliwa kwenye mtandao, na kwa dola. Hakuwa nayo. Fundi alikuwa nayo, au alikuwa na binamu Texas aliyekuwa nayo. Basi fundi akalipa kwa kadi yake, akajaza fomu kwa jina lake, akaweka barua pepe yake, na akamtoza mteja kwa shilingi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa njia ya mkato iliyofanya mambo yaende. Lakini huo ndio mzizi wa fitina wote niliouona katika kazi hii.

Mteja yeye aliona picha tu. Na picha zilikuwepo! Tulitumia FrontPage, programu ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1996, kisha Dreamweaver iliyotoka 1997. Tuliweka simba anayenguruma kwa Flash, maandishi yanayotembea, na kihesabu cha wageni chini ya ukurasa. Tulikuwa tunakaa saiba usiku, bei inaposhuka, tukipakia faili moja moja. Mteja akiona simba amenguruma, anatoa pesa. Hakuuliza daftari limeandikwa nini, na sisi hatukumwambia.

MZEE WA MALINDI

Nasema "sisi" kwa sababu nami nimo. Mwaka 2005 nilimtengenezea tovuti mzee mmoja wa Malindi aliyekuwa na nyumba ya wageni. Alinipokea kwa kahawa chungu na kashata, akanionyesha vyumba vyake kimoja kimoja, akasisitiza mwarobaini wa uani uonekane kwenye picha. Jina la .com nililisajili kwa jina langu, na barua pepe niliyoiweka kwenye fomu ilikuwa ya kazini kwangu. Tovuti ikafanya kazi. Wageni wakaanza kumwandikia kutoka Italia na Ujerumani.

Mwaka 2008 niliacha kazi ile na anwani yangu ikafutwa. Mwaka uliofuata muda wa jina uliisha. Maonyo yalitumwa, bila shaka, lakini kwenye sanduku lisilokuwepo tena. Jina la .com halipotei siku ya kwanza. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha kuna siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa faini, kisha siku 5 za mwisho. Zote zilipita. Akatokea mtu, sijui yuko nchi gani, akalisajili na kujaza matangazo.

Mzee alidhani msimu umekuwa mbaya. Barua pepe ya nyumba ilikuwa kwenye jina lile lile, kwa hiyo haikuwa tovuti tu iliyozimika. Wageni waliokuwa wamezoea kurudi kila Desemba waliandika, barua zikawarudia, wakaenda kulala kwingine. Aliponipigia simu nilimwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwani mwanangu, jina la nyumba yangu lilikuwa lako tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Yule aliyelichukua alitaka dola ambazo Mzee hangezipata hata kwa msimu mzima. Nilimsajilia jina jipya la .co.ke, safari hii kwa jina lake na barua pepe ya binti yake. Gharama nililipa mimi. Mchora mabango alifuta anwani ya zamani kwenye kibao cha barabarani na kuandika mpya kwa alasiri moja. Lakini anwani ya zamani iliyokuwa kwenye kadi walizoondoka nazo wageni wa miaka minne haikuweza kufutwa na mtu.

SABABU IMEKWISHA, TABIA IMEBAKI

Mwaka huo huo wa 2009, nyaya za baharini zilifika Mombasa: TEAMS na SEACOM, kisha EASSy mwaka 2010. Intaneti ikaongezeka kasi na bei yake ikaanza kushuka. WordPress ilikuwepo tangu 2003 na Joomla tangu 2005, zote za bure, kwa hiyo fundi hakulazimika tena kujenga kila ukurasa kwa mkono. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na baadaye wasajili wa hapa nchini wakaipokea kama malipo ya majina. Kuanzia 2017 KENIC ilifungua hata majina mafupi yanayoishia .ke peke yake.

Kwa maneno mengine, ile sababu ya kwanza ya fundi kushika jina, yaani kadi ya benki na dola, ilikwisha. Mwenye duka Kakamega anaweza kusajili jina lake kwa rununu akiwa amekaa kwenye benchi. Lakini tabia ilibaki. Hadi leo naona tovuti za biashara ndogo ambazo daftari linamtaja fundi, au mpwa wa fundi.

Kuna upande wa pili, na nitausema kwa haki. Mafundi wengi walishikilia majina kwa sababu waliwahi kuibiwa jasho lao. Unamjengea mtu tovuti, anaisifu, halafu salio haliji na simu hazipokelewi. Jina likawa rehani. Namwelewa fundi huyo, nimekuwa yeye. Lakini dawa yake ni kulipwa kwa awamu na kutopandisha tovuti hewani kabla ya awamu ya mwisho. Shikilia kazi yako, usishikilie jina la mtu.

Kisha zikaja simu. Mwezi Mei 2010 Ethan Marcotte aliandika makala iliyoeleza jinsi ya kujenga ukurasa unaojipanga wenyewe kulingana na ukubwa wa kioo. Apple ilikuwa imekataa Flash kwenye iPhone, na hatimaye Adobe yenyewe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020. Simba wetu wote wakanyamaza. Tovuti nyingi za wafanyabiashara wetu zilihitaji kujengwa upya, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Mwenye jina na faili zake alitafuta fundi mwingine, akaendelea. Asiyekuwa navyo alianza kumtafuta fundi wa zamani kwa namba zisizopatikana.

CHA BURE NACHO

Wengine waliamua kuachana na mafundi kabisa. Sio wazo baya, ila lina historia yake pia. GeoCities, iliyotoa kurasa za bure tangu miaka ya 1990, ilifungwa na Yahoo Oktoba 2009. Mwaka 2011 Google ilianza hapa mradi wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti bila malipo. Baadaye ikatoa duniani kote tovuti nyepesi zilizotokana na wasifu wa biashara kwenye ramani zake, na hizo ikazizima Machi 2024. Mwenye duka aliyekuwa amechapisha anwani ile kwenye mifuko yake alibaki na mifuko.

Sisemi msitumie kurasa za Facebook, Instagram au WhatsApp Business, iliyoanza 2018. Kwa mama anayeuza keki Umoja, WhatsApp inatosha na kuzidi. Ninachosema ni kwamba hilo ni sanduku la posta la mtu mwingine. Litumie, lakini jina lako liwe nalo mahali pake.

NAMBA YA TILI

Hebu nimalize historia kwa jambo mnalolijua vizuri. Lipa na M-Pesa ilianza 2013, na leo hata kibanda cha mboga kina namba ya tili ukutani. Je, umewahi kumwona mama mboga aliyekubali tili yake isajiliwe kwa kitambulisho cha yule kijana aliyemchorea bango la namba hiyo? Angemfukuza. Anajua pesa zitaingia kwa nani. Basi jina la tovuti ni tili ya wateja. Linaamua wanaokutafuta waingie kwa nani.

Na sheria? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo picha na maandishi uliyoagiza una haki nayo. Lakini jina halimo humo. Jina ni mkataba kati ya msajili na yule aliyeandikwa kwenye daftari. Ukitaka kudai ilhali hukuandikwa, una safari ndefu.

BASI UFANYEJE?

Kabla hujatoa shilingi ya kwanza, fanya haya:

1. Sajili jina wewe mwenyewe, kwa jina lako au la kampuni yako, na ulipe kwa simu yako. Fundi anaweza kukaa kando yako akikuelekeza.

2. Barua pepe ya usajili iwe ya kwako, na isiwe ile iliyo chini ya jina hilo hilo. Jina likizimika na barua pepe nayo huzimika, utakosa hata onyo.

3. Andika tarehe ya jina kuisha kwenye kalenda ya ukutani, pale unapoandika tarehe ya leseni ya biashara.

4. Kazi ikiisha, dai nakala ya faili zote na nywila zote, na ujaribu kuingia fundi akiwepo.

5. Mwandikiane ukurasa mmoja: kazi gani, awamu ngapi za malipo, na nani atafanya marekebisho baadaye kwa bei gani. Kisha mlipe fundi kwa wakati. Naye ana kodi ya nyumba.

Na kama tayari una tovuti, leo jioni tafuta jina lako kwenye huduma ya WHOIS ya KENIC au ya msajili wako, kisha mwombe fundi akuonyeshe fomu ya usajili. Kama ni jina lake, usimpigie kelele. Huenda alikusaidia wakati ule kama nilivyomsaidia Mzee. Mwambie tu unataka lihamishwe, naye akiwa muungwana atalihamisha.

Mzee alifariki miaka michache iliyopita, Mungu amrehemu. Nyumba inaendeshwa na binti yake. Kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya jina kuisha, hunitumia ujumbe mfupi: "Nimelipa." Halazimiki kuniarifu, maana sina ufunguo wowote wa nyumba ile. Lakini nafurahi kila unapofika.